Roma, Lisbon au Prague? Kuchagua mji wa kale kwa siku tatu au nne

Siku nne za likizo, visa moja, na majina matatu yanayogongana kichwani: Roma, Lisbon, Prague. Yote ni miji ya kale, yote ina makanisa makubwa na vichochoro vya mawe, na picha zake zote zinavutia. Ndiyo maana picha hazimsaidii mtu kuchagua. Tofauti ya miji hii iko kwenye mambo ambayo picha haiyaonyeshi: tiketi zinazoisha wiki kadhaa kabla, vilima vinavyomaliza magoti ya mzee, jua linalozama saa kumi jioni, sarafu ambayo si euro.

Anayekaa wiki mbili akiharibikiwa siku moja atafidia. Wa siku tatu hana pa kufidia, kwa hiyo swali la kujiuliza si mji upi ni mzuri zaidi. Jiulize ni mji upi unaoendana na miguu yako, mwezi unaosafiri, na tabia yako ya kupanga mambo mapema au kuamka na kuamua.

Vigezo

Tumeipima miji hii kwa mambo sita: kufika na kuzunguka, tiketi na foleni, mwendo wa miguu, majira na mwanga wa jua, pesa, halafu chakula na sala. Visa haimo, kwa sababu haitofautishi. Italia, Ureno na Ucheki zote zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaomba visa ileile: euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Hata hivyo, mambo matatu ya visa yanagusa uchaguzi wa mji. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini kinachochelewesha watu ni kupata miadi, hasa kwa safari za Juni hadi Agosti. Pili, ukiunganisha nchi mbili, ombi linakwenda kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi; siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Tatu, bima ifunike kila siku ya safari, ikiwemo siku ya kuondoka. Bima inayokatika siku moja kabla ni sababu tosha ya kunyimwa. Na fedha za ghafla zilizowekwa benki wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya akaunti huzua maswali kuliko salio dogo lililotulia miezi mitatu.

Mpakani siku hizi unachukuliwa alama za vidole na picha unapoingia mara ya kwanza chini ya mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025. Foleni inaweza kuwa ndefu. Usikate tiketi ya saa maalumu kwa siku unayotua.

Kufika na kuzunguka

Istanbul, Doha na Dubai zinakuunganisha na miji yote mitatu. Roma ina nafasi ya ziada: Ethiopian Airlines inakwenda huko moja kwa moja kutoka Addis Ababa.

Lisbon ndiyo rahisi kuliko zote mara unapotua. Uwanja wa ndege umo ndani ya mji na metro, laini nyekundu, inaanzia hapohapo. Unanunua kadi ya usafiri iitwayo Navegante kwa senti 50, unaijaza, na ndani ya dakika 25 hivi uko karibu na katikati. Kila mtu awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja.

Roma, kutoka Fiumicino, treni ya Leonardo Express inakufikisha kituo cha Termini kwa dakika 32 na euro 14. Wengi hawajui kuwa kuna treni ya kawaida ya euro 8, laini ya FL1, ambayo haipiti Termini bali inasimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Kama umepanga chumba Trastevere, hiyo ndiyo yako. Ukienda Termini kwanza umelipa zaidi na umepoteza muda. Ndani ya mji, tiketi ya euro 1.50 inadumu dakika 100 kwenye mabasi na tramu, na safari moja tu ya metro. Unaweza pia kugonga kadi ya benki mlangoni, kila mtu ya kwake. La kuangalia ni migomo ya usafiri, ambayo hupenda kuangukia Ijumaa. Hutangazwa mapema, na hata siku ya mgomo usafiri huhakikishwa asubuhi mapema na jioni. Ukiona tangazo lenye neno *sciopero*, sogeza safari za mbali kwenye saa hizo.

Prague haina treni ya uwanja wa ndege. Unapanda basi la umeme namba 59 hadi Nádraží Veleslavín, unashuka chini kwenye metro laini A, na tiketi ni hiyohiyo moja. Tiketi ya karatasi ipigwe muhuri kwenye kisanduku cha manjano, mara moja tu, mwanzoni mwa safari. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na tiketi isiyo na muhuri kwao ni sawa na kutokuwa na tiketi. Tramu za Prague ndizo nzuri kuliko usafiri wote tunaoulinganisha hapa: zinafika kwa wakati na zinapita usiku kucha.

Mahali pa kulala pafuate usafiri. Roma, eneo la Monti linakuweka kwa miguu hadi Colosseum, uwanja wa kale wa mapambano. Lisbon, Baixa ni tambarare, na Anjos au Arroios ni nafuu zaidi nako kuna metro ya laini ya kijani. Alfama inapendeza, lakini begi la magurudumu halipandi ngazi zake na teksi haifiki mlangoni. Prague, Vinohrady na Karlín ziko dakika 10 tu kutoka Mji Mkongwe, na bei ya chakula inashuka mara unapotoka huko katikati.

| | Roma | Lisbon | Prague |
|---|---|---|---|
| Siku kamili zinazotosha | 3 hadi 4 | 3, pamoja na Sintra (mji wa makasri nje ya Lisbon) | 2 hadi 3 |
| Kutoka uwanja wa ndege | Treni, dakika 32, euro 14 | Metro, kama dakika 25, chini ya euro 3 na kadi yake | Basi 59 na metro A, kama dakika 40 |
| Sarafu | Euro | Euro | Koruna (Kč) |
| Kodi ya malazi, mtu kwa usiku | Euro 4 hadi 10 kufuatana na hoteli | Euro 4 | Kč 50 |
| Siku ya kuchunga | Jumapili: Makumbusho ya Vatikani | Jumatatu: makumbusho mengi | Jumamosi: mtaa wa Kiyahudi |

Bei hupanda kila mwaka au miwili. Zichukue kama kipimo, na uhakikishe kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa. Kodi ya malazi mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, unadaiwa mapokezi.

Tiketi na foleni

Hapa Roma inaadhibu asiyepanga kuliko mji mwingine wowote wa orodha hii.

Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni euro 18, na ndani yake mna Forum, magofu ya uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino. Hutolewa kwenye tovuti rasmi siku 30 kabla, ina saa yake na ina jina lako. Hesabu siku 30 nyuma kutoka siku unayotaka, weka ukumbusho kwenye simu, na ununue siku hiyohiyo. Kuanzia Aprili hadi Oktoba anayesubiri wiki ya mwisho hukuta zimebaki tiketi za wauzaji wa pembeni kwa bei mara mbili au tatu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mtu anayejulikana kwa jina moja mtaani na pasipoti yake ina mengine matatu, mlangoni ni yale matatu yanayohesabika.

Chagua saa ya mwanzo wa siku. Tiketi inadumu saa 24, Colosseum unaingia kwa saa uliyopangiwa, na Forum na Palatino unaingia mara moja, saa yoyote ndani ya muda huo. Sasa fikiria mtu aliyenunua saa 14:30 (saa nane na nusu mchana) mwezi wa Desemba. Majira hayo eneo lote linafungwa saa 16:30 (saa kumi na nusu jioni), na mlango wa kuingilia unafungwa saa nzima kabla. Akitoka Colosseum, Forum imeshafunga mlango. Itabidi arudi kesho yake asubuhi, asubuhi ileile aliyoiwekea Vatikani. Siku mbili zimevurugwa na saa moja iliyochaguliwa vibaya.

Vatikani nako kuna kosa linalojirudia kila siku. Makumbusho, pamoja na kanisa la Sistina, mlango wake uko Viale Vaticano, upande wa pili wa ukuta. Foleni inayoonekana kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro ni ya kuingia Basilika, ambayo ni bure. Watu husimama saa nzima kwenye foleni ya bure wakiwa na tiketi ya makumbusho mkononi, na saa yao ya kuingia inapita. Shuka metro Ottaviano, fuata ukuta. Tiketi ni euro 20, na euro 5 zaidi ukinunua mtandaoni. Hizo 5 ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa kuwa zinakuokoa foleni ya kununua. Jumapili makumbusho hufungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure, na msongamano wake haumfai mwenye siku tatu. Basilika iendee mara inapofunguliwa, saa moja asubuhi, ila Jumatano asubuhi uwanja huwa na hadhara ya Papa. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake. Leso au kanga moja ndani ya mkoba inamaliza tatizo hilo, na haina haja ya kununua shali mlangoni.

Pantheon, euro 5, ndipo mahali pa kutulia. Jengo hili la karne ya 2 lina kuba la zege lenye upana wa mita 43.3, na juu kabisa tundu la wazi la kama mita 9. Mvua inanyesha ndani. Wageni wote wanatazama juu; wewe ukishamaliza tazama chini. Sakafu ya marumaru imeinuka kidogo katikati, na katika marumaru hiyo kuna vitundu vidogo vilivyotobolewa ambavyo maji huishia. Ukienda siku ya mvua utayaona maji yenyewe yakivitafuta.

Lisbon inasamehe zaidi. Utawa wa Jerónimos kule Belém, kitongoji cha Lisbon, ulioanza kujengwa mwaka 1501, una sehemu mbili: kanisa, ambalo ni bure, na ua wa ndani wenye nguzo, ambao ni euro 18. Foleni ni mbili na hazifanani urefu. Hufungwa Jumatatu. Mnara wa Belém, ulio karibu, ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati. Angalia kabla ya kuupangia muda. Vivyo hivyo lifti za reli za mlimani: baada ya ajali ya Elevador da Glória ya Septemba 2025, iliyoua watu 16, zilisimamishwa kukaguliwa, kwa hiyo usijenge ratiba juu yake bila kuhakikisha.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kanisa la Jerónimos lina uzito wake. Ukiingia tu, upande wa kushoto, kuna kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Waliomfuata ndio walioanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Historia tuliyoisoma darasani upande wa waliovamiwa, hapa imechongwa kwa mawe upande wa waliovamia. Na lugha nayo inakufuata barabarani. Juu ya mlango wa kanisa pameandikwa *igreja*, ndiyo gereza yetu, neno lililobadilika maana njiani. Dukani pa kulipia pameandikwa *caixa*, ndiyo kasha. *Mesa*, *bandeira*, *lenço*: meza, bendera, leso. Roma na Prague hazina kitu cha namna hiyo kwetu.

Kwa Sintra, treni kutoka kituo cha Rossio inachukua kama dakika 40. Tiketi ya ndani ya kasri la Pena ina saa maalumu, na saa hiyo ni ya mlango wa kasri lenyewe, siyo geti la bustani. Kutoka geti hadi kasri ni kupanda kwa nusu saa kwa miguu. Mwenye tiketi ya saa 10:30 (saa nne na nusu asubuhi) anayefika getini dakika tano kabla amechelewa.

Prague haidai mengi. Viwanja vya Ngome ya Prague ni bure, na tiketi ya mzunguko mkuu ni Kč 450, inadumu siku mbili. Kanisa Kuu la Mtakatifu Vito, lililoanzwa 1344 na kukamilika 1929, Jumapili asubuhi ni la ibada, wageni huingia mchana. Masinagogi na makaburi ya kale ya Josefov, mtaa wa Kiyahudi, hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi. Anayefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili asubuhi hatayaona. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa 1357, halina tiketi, lina msongamano tu. Liendee kabla ya saa moja asubuhi. Kwenye sanamu ya Yohane wa Nepomuk utaona kibao cha shaba nyeusi chenye sehemu inayong'aa kama dhahabu: ndipo mikono ya wapita njia inapogusa. Saa ya nyota ya mwaka 1410 huonyesha mitume wake kila saa inapogonga, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, kwa chini ya dakika moja. Wakati wote wanatazama juu, vibaka wanatazama mifuko.

Mwendo wa miguu

Kwa mwenye magoti mazima, sehemu hii ipite haraka. Kwa anayesafiri na mzazi, mjamzito au mtoto wa kusukumwa, ndiyo inayoamua.

Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake zimepangwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyong'arishwa na nyayo. Vikilowa vinateleza kama sabuni. Viatu vyenye soli laini viache nyumbani. Kupanda hadi ngome ya São Jorge kunaweza kupunguzwa sana: kuna lifti ya umma ya bure ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, Baixa, ukitoka juu, vuka, ingia lifti ya pili ya Chão do Loureiro. Inayobaki ni mwinuko wa dakika chache. Asiyeweza hata huo apande basi 737 kutoka Praça da Figueira. Tramu 28 watu huipanda kwa ajili ya picha, siyo usafiri. Ukiitaka, panda kituo cha Campo de Ourique kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu kwenye kituo cha upande wa pili, Martim Moniz, foleni huwa ndefu na mara nyingi hupati kiti.

Roma sehemu za watalii ni tambarare kwa kiasi kikubwa, ila umbali ni mrefu na jua halina huruma ndani ya Forum, ambamo kivuli ni kichache. Mawe ya barabarani ni meusi, ya mraba, yenye nafasi katikati. Magurudumu madogo ya begi hukwama. Kuba la Basilika ni ngazi 551. Lifti inapunguza hadi 320, na zilizobaki ni nyembamba, za kuzunguka, hazina pa kurudi nyuma. Mwenye presha au hofu ya mahali finyu asijaribu. Faida kubwa ya Roma ni maji: chemchemi za chuma ziitwazo *nasoni* zinatoa maji safi ya kunywa bure mji mzima. Ziba tundu la chini kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama.

Prague ina kilima kimoja cha maana, na dawa yake ni tramu 22. Shuka kituo cha Pražský hrad, ingia ngomeni kwa usawa, halafu teremka kwa miguu kupitia Malá Strana, mtaa wa chini ya ngome, hadi Daraja la Charles. Anayefanya kinyume anapanda ngazi zote kwa jasho lake.

Majira na mwanga

Sisi tuliozoea jua kuzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima husahau jambo hili tunapopanga. Prague mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi jioni. Siku yako ya kutalii ni ya saa nane tu, na baridi huwa karibu na sifuri au chini yake. Koti la Arusha au Limuru halitoshi. Unahitaji viatu visivyopitisha maji, soksi nzito na kofia ya masikio. Wapo wanaoipenda hivyohivyo kwa ajili ya masoko ya Krismasi, na wana haki. Juni mambo yanageuka: jua linazama baada ya saa tatu usiku.

Roma inapendeza Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 kwa wiki nyingi, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi ya mtaani hufungwa. Lisbon ndiyo yenye majira mepesi: upepo wa Atlantiki hupunguza joto, na Januari yake ni ya mvua kuliko baridi. Anayesafiri Novemba hadi Februari na hana nguo za baridi aanzie kuitazama Lisbon.

Pesa

Prague ni nafuu kwa chakula na usafiri, lakini ndiyo yenye mitego. Maduka ya kubadilisha fedha ya Mji Mkongwe huandika kwa herufi kubwa kuwa hawatozi kamisheni, kisha hukupa kiwango kibovu. Sheria ya Ucheki inakuruhusu kufuta mabadilishano ndani ya saa 3, kwa kiasi kisichozidi thamani ya euro 1,000, ukiwa na risiti. Kwa hiyo risiti usiitupe. Usibadilishe na mtu wa barabarani kamwe. Anaweza kukupa noti za nchi nyingine zisizokufaa kitu. ATM za benki ni salama zaidi kuliko zile za rangi kali zilizotapakaa kwenye mitaa ya watalii. Mashine ikikuuliza kama ikukatie kwa shilingi zako au kwa koruna, chagua koruna, vinginevyo unakatwa kwa kiwango chao.

Roma, kahawa ya kusimama kaunta na ya kukaa mezani si bei moja. Kwenye viwanja maarufu ya mezani inaweza kuwa mara tatu. Kukaa kwenye Ngazi za Kihispania kunatozwa faini tangu 2019. Lisbon, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani bila kuagizwa si zawadi. Usipovigusa hulipi, sema hapana kwa upole, vinaondolewa.

Chakula na sala

Asiyekula nguruwe atakula vizuri zaidi Lisbon, mji wa samaki: chewa, dagaa wakubwa wa kuchoma mwezi wa Juni, wali wa viumbe vya baharini, na kuku wa piri-piri, ambayo jina lake ni ndugu wa pilipili. Angalia maneno *porco*, *chouriço* na *presunto*; hata supu ya kijani, *caldo verde*, huja na kipande cha soseji. Karibu na Martim Moniz kuna migahawa mingi ya halali, na Msikiti Mkuu uliofunguliwa 1985 unafikika kwa metro. Jumuiya yake ilikuzwa na Waislamu waliotoka Msumbiji.

Roma, pasta mbili maarufu, carbonara na amatriciana, zina nyama ya shavu la nguruwe. Cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu. Pizza ya kukatwa huuzwa kwa uzito, onyesha kwa mkono kipande unachotaka kabla hakijakatwa. Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, ni mkubwa na wa kupendeza, ila uko mbali na katikati. Prague ndiyo ngumu: nguruwe (*vepřové*) yuko kila mahali, halali ni chache. Ng'ombe yupo, kwenye gulashi na svíčková (nyama kwa mchuzi wa krimu), lakini si wa kuchinjwa kihalali. Anayeshika sana ajipange na chumba chenye jiko.

Chagua kwa hali yako

Unasafiri ndani ya wiki tatu na hujanunua tiketi yoyote: Prague au Lisbon. Roma ya papo kwa papo inawezekana majira ya baridi; Mei utaiona kwa nje.

Unasafiri na mzazi mwenye magoti mabovu: Prague kwa tramu 22, kuanzia Mei hadi Septemba. Roma pia inafaa mkitenga kituo kimoja kikubwa kwa siku na kukaa Monti. Lisbon muiache, isipokuwa mtalala Baixa na kukubali kuona Alfama kutoka juu.

Ni mwanafunzi mwenye bajeti ndogo na miguu mizima: Prague, chumba Žižkov au Karlín, tiketi ya saa 72.

Ni Mkatoliki na hija ndiyo sababu: Roma, na siku zisipungue nne. Fika Jumatatu au Jumanne ili Jumatano uwe na hadhara ya Papa, na makumbusho uyaweke Alhamisi.

Historia ya pwani yetu ndiyo inayokuvuta: Lisbon. Siku ya kwanza Belém (si Jumatatu), ya pili Baixa, magofu ya Carmo yaliyoachwa na tetemeko la 1755, na ngome. Ya tatu Sintra.

Mna watoto wadogo: Lisbon kwa hali ya hewa na tramu, Roma kwa chemchemi na uwanja wa Colosseum ambao hata mtoto wa miaka saba anauelewa. Kigari cha kusukuma kiwe na magurudumu makubwa mahali kokote.

Likizo yako ni Desemba tu: Lisbon kama hutaki baridi, Roma kama umekata tiketi za asubuhi, Prague kama masoko ya Krismasi ndiyo unayoyafuata na umeshanunua viatu.

Na kama bado unataka mawili kwa siku nne, hesabu kwanza saa za kuhama: kufunga mizigo, kwenda uwanja wa ndege, ukaguzi, ndege, kuingia mji mpya, kutafuta chumba. Ni siku moja nzima kati ya nne.